Kitabu cha Ukunga Kimeota Mizizi

Sindano ya kipimo ilivuka rangi ya njano, ikaingia kwenye nyekundu, ikagonga ukingo wa sahani na kubaki hapo.

Edina Mahenge, mkutubi, aliigonga kwa ukucha. Haikurudi. Alikifungua kikanda cha kipimo kutoka kwenye paji la uso la Tuponile, akakifuta kwa spiriti, akakifunga tena kwa kukikaza zaidi. Sindano ilienda palepale.

"Mama Maktaba, unanibana," Tuponile alisema. "Kwani kichwa changu gunia la viazi?"

"Tulia."

"Nimetulia. Umenifunga mara mbili. Kuna nini?"

"Kikanda kimechoka."

Edina hakuwa mzuri wa kusema uongo, na Tuponile alikuwa muuguzi wa miaka sita, kazi yake ilikuwa kusoma nyuso za watu wanaosema hawaumwi popote. Alimtazama mkutubi, akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni na koti lililojaa unga wa mbao.

"Kaeni hapa. Kuna chai kwenye chupa," Edina alisema. "Nakwenda kupiga simu makao makuu."

Kwenye korido kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Osmund Haule, tabibu wa zahanati ya Lihundu kule ziwani. Alikuwa wa kwanza kufika asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado mlangoni, na viatu vyake vilikuwa vya mtu wa nchi ya joto. Alinyanyuka.

"Kitabu kimerudi, dada?"

"Kimefika. Hakijarudi."

"Tofauti yake nini?"

"Kaa, kaka Osmund. Nitakuambia nikijua."

*

Kwa masomo ya mikono, wanafunzi wa Chuo cha Mbali hawakuazima tena karatasi. Walivaa. Mkutubi alikuwa na yai la kioo, kubwa kidogo kuliko la bata, na ndani ya yai kulikuwa na kitabu. Ulivalishwa kofia, yai likawekwa kwenye kikombe chake juu ya kofia, na baada ya muda wa kuchemsha maharage yai lilikuwa tupu na kitabu kilikuwa kichwani mwako. Hakikunakiliwa, kilihama. Wenye haki za vitabu walitaka hivyo ili pasiwepo wizi, na kwa hiyo Kanda nzima ya kusini, kuanzia milima ya Makete mpaka mwambao wa ziwa, ilikuwa na *Ukunga wa Dharura* mmoja tu.

Aliyesoma kwa macho alijua kwamba kondo la nyuma likikwama litolewe kwa mkono. Aliyevaa alijua mkono unaingiaje, unapapasa wapi, na ule ukuta laini ukiachia unahisi nini kwenye ncha za vidole. Ndiyo maana watu walisafiri kutwa nzima kufuata yai.

Ulivaa muhula mmoja, ukafanya kazi nacho, ukakirudisha. Ulichokizoea mwenyewe kilibaki chako, na kitabu kikaenda kwa mwingine. Hivyo ndivyo ilivyopangwa, na kule kampasi, ambako wanafunzi wanalala mita mia kutoka maktaba, ndivyo ilivyokuwa.

Lakini dawati la Njombe lilihudumia watu wa mbali, na watu wa mbali wana shida za mbali. Barabara ya Isonyi, kijijini kwa Tuponile kule Makete, ilipomezwa na maporomoko, Edina alimwongezea muhula. Barabara ilipofunguka, Tuponile alituma ujumbe kwamba amejifungua mtoto wa kike, na Edina akamwongezea tena, maana mzazi mwenye kichanga hatolewi ndani kwenda kurudisha kitabu. Muhula ule ulipoisha mtoto alikuwa amekufa. Huku kwetu mtu akifiwa humwendei kudai kitu chako, hata kama ni jembe na mvua zimeanza. Unakwenda kumpa pole, unakaa, unakula ulichopewa, na jembe hulitaji. Edina alituma rambirambi za kituo, akaongeza muhula wa tatu, na hakuna mtu kwenye dawati lile ambaye angefanya vingine.

Waraka kuhusu mizizi ulikuja baadaye. Ulisema kitabu kikikaa kichwani kupita muda wake, kichwa huacha kutofautisha. Siku unazoziishi hujishikiza kwenye kitabu kama maharage yanavyopanda mti, na siku ya kukivua, zinatoka pamoja nacho. Za zamani zinabaki. Ulizoziishi ndani ya muda wa kitabu zinakwenda zote, na kazi uliyojifunza nayo inakwenda.

Mimba ya Tuponile, uzazi wake, mtoto wake na mazishi ya mtoto wake vilianza na kuisha akiwa amevaa *Ukunga wa Dharura*.

*

"Imefika wapi?" aliuliza Bwana Shemdoe, mkuu wa maktaba makao makuu. Kwenye kioo cha simu alionekana na shati la mikono mifupi na feni nyuma yake.

"Mwisho."

"Mwisho wa nyekundu?"

"Mwisho wa kipimo. Kingekuwa na rangi nyingine ingefika huko pia."

Shemdoe alifumba macho. "Nani aliongeza muda?"

"Mimi, mara tatu. Na wewe uliidhinisha mara tatu, kwa kubonyeza bila kusoma."

"Basi tusilaumiane."

"Sijakulaumu, bosi. Nimekujibu."

"Mvue. Yai lije huku lifuliwe. Likiwa safi litarudi kwenu, mwakani au mwaka ule mwingine, foleni ya kufua ni ndefu."

"Mwombaji wa pili amekaa hapa nje. Ametoka ziwani."

"Asubiri."

"Yeye anaweza. Wajawazito wake ndio hawawezi."

"Mama Edina, usinihutubie. Kitabu chenye mizizi hakivalishwi mtu kabla ya kufuliwa. Ni sheria. Umesahau yule kijana wa uchomeleaji aliyevalishwa chenye mizizi, akaamka anamwita mama wa mtu mwingine? Mpaka leo anakwenda kwa yule mama, wanamfukuza."

Edina hakuwa amesahau. "Na mwenyewe akikataa kuvuliwa?"

"Ana haki hiyo. Akikataa, tutaandika kwamba kitabu kimepotea, na Kanda yako haipati kingine mpaka mkataba mpya. Miaka sita. Mweleze hivyohivyo, atakubali."

"Utakuja kumweleza wewe?"

Feni ilizunguka. "Wewe unajua kuongea na watu wako," Shemdoe alisema, na kioo kikawa cheusi.

*

Edina alikuwa mama wa watoto wawili, na katika kulea alijifunza jambo moja, kwamba habari mbaya ikizungushwa haipungui. Alifunga mlango, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Tuponile, akasema yote. Alisema mpaka neno mizizi, mpaka neno zote, mpaka miaka sita.

Lutengano, mume, ndiye aliyeongea kwanza. "Zote maana yake zote?"

"Ndiyo, baba."

"Na Sekela?"

"Na Sekela."

"Kaburi lake liko nyuma ya jiko," Lutengano alisema. "Mke wangu anapita hapo kila siku akienda kuchuma mboga. Nitamwambia ni la nani?"

Tuponile alikuwa hajasogea. "Mistari ipo tumboni," alisema. "Mimi muuguzi, nikioga nitajua nimezaa. Mtaniambia. Mtanieleza vizuri, jina na tarehe, na mimi nitaitikia kama mtu anayesikiliza redio."

"Tunaweza kuandika," Edina alisema. "Unieleze nikurekodi, siku nzima kama unataka—"

"Habari za mtoto wa mtu." Tuponile alicheka kidogo, cheko baya. "Nyie mliniambia pumzika. Si ulisema, mama? Pumzika mwanangu, kitabu kipo."

"Nilisema."

"Ungenidai! Ungekuja msibani na kofia yako ukanidai mbele ya watu, ningekutukana, nisingekosa usingizi. Sasa umenihurumia mpaka umenimaliza."

Edina alirudisha kiti chake nyuma kidogo.

"Sivui," Tuponile alisema. "Andikeni kimepotea. Kwangu lami imefika, hospitali ya wilaya ina chumba cha upasuaji, wajawazito wangu wanapanda gari wanakwenda. Kazi hiyo siihitaji tena. Lakini sivui."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu. Lutengano, chukua mkoba, twende."

Mlango wa korido ulipofunguka Osmund Haule alikuwa amesimama, kofia yake ya pama mkononi. Kuta za kituo zilikuwa za mbao nyembamba. Alikuwa amesikia.

"Sikusikiliza kwa makusudi, dada," alisema.

"Hata ungesikiliza." Tuponile alimpita, akafika katikati ya korido, akasimama. Alisimama hapo amewapa mgongo. Kisha akauliza bila kugeuka, "Wamekufa wangapi?"

"Dada, mimi sitaki—"

"Nimekuuliza, kaka."

"Tangu mwaka uanze, wanne. Ziwa likichafuka boti haitoki, na njia ya mlimani ni ya miguu."

"Wa mwisho?"

"Binti mmoja, uzazi wa tatu. Mtoto alitoka salama. Damu haikusimama."

Sasa Tuponile aligeuka. "Kondo lilitoka?"

"Lilitoka."

"Lote? Ulilikunjua ukaliangalia?"

Osmund aliizungusha pama. "Niliona limetoka."

"Ulifanya nini?"

"Nilimpa sindano. Nikakanda tumbo. Nikamwinua miguu."

"Ukaingiza mkono?"

"Nimesoma kwamba unaingiza mkono," Osmund alisema taratibu. "Ukurasa ninao. Nimeusoma mpaka umechanika. Nilisimama pale na glavu nimevaa, dada, na sikujua niende upande gani. Nikaogopa kumchana. Nikaendelea kukanda."

"Kipande kilibaki," Tuponile alisema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe, vidole vimekusanyika, ukageuka kidogo hewani kwenda juu na nyuma. "Hapa. Huwa kinajificha hapa. Unakikwangua kwa ubavu wa vidole, hukivuti. Ni kazi ya dakika mbili." Aliutazama mkono wake. "Dakika mbili tu."

"Njoo wewe, basi," Osmund alisema. "Twende wote leo hii. Nitakupa nyumba yangu, mimi nitalala zahanati."

"Isonyi niko peke yangu. Nikiondoka wanafunga. Chanjo, wagonjwa wa sukari, vidonda, nani ataangalia?" Hakuwa anamjibu yeye hasa. Alikaa kwenye benchi. Lutengano alikaa upande wa pili wa mkoba, na wote wawili wakatazama ukuta wenye ramani ya Kanda na misumari ya rangi inayoonyesha wanafunzi walipo.

Edina alikwenda kumwaga chai iliyopoa, akaleta ya moto. Hakuna aliyeinywa.

"Huko wanakofua," Tuponile alisema mwishowe, "Sekela wanamtoa wanamweka wapi?"

"Hawamweki popote. Kufua ni kufuta."

"Yaani anakufa na huko."

"Ndiyo."

"Basi msimfue." Alimtazama Edina usoni. "Nivue leo, umvalishe huyu kaka leo, kabla yai halijapelekwa popote. Mimi sitakuwa naye. Lakini atakuwa kwa mtu."

"Ni kinyume cha sheria," Edina alisema.

"Najua."

"Wakigundua nafukuzwa. Nina watoto wawili wanaokula kazi hii."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Edina alitazama chini. Aliwaza kijana wa uchomeleaji kwenye geti la nyumba ya watu. Aliwaza pia yule binti wa Lihundu na dakika mbili zake, na jinsi Shemdoe angekula mchana huu bila shida yoyote. Hakukuwa na upande uliokuwa safi. Upande mmoja ulikuwa na watu hai.

"Si langu peke yangu kuamua," alisema. "Kaka Osmund, umesikia anachotaka. Ukivaa hiki kitabu hivi kilivyo, utamkumbuka mtoto ambaye si wako. Utakumbuka kumbeba, kumzaa, kumnyonyesha na kumzika. Haitakuwa kama hadithi uliyoambiwa. Itakuwa kama yako. Muhula ukiisha nitakuvua, na utakuwa umewahi kabla hakijaota mizizi kwako, kwa hiyo utabaki na kazi ya mikono na mambo yako mwenyewe. Yeye atabaki kwenye kitabu, amngoje anayefuata. Lakini kwa muhula mzima utakuwa mfiwa."

Osmund alifikiri. Alikuwa mtu mzito wa kufikiri, taya lilikuwa linakwenda kama anatafuna.

"Kumnyonyesha?" aliuliza.

"Na hilo."

"Nina watoto wanne. Mke wangu huniambia sijui lolote." Hakutabasamu. "Wale wanawake walikufa mikononi mwangu na mimi nikaenda kula. Acha niwe mfiwa."

*

Kiti cha kuvulia kilikuwa kwenye stoo ya nyuma, kati ya rafu za magazeti ambayo hakuna aliyeyataka na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuyachoma. Edina alifunga dirisha. Alisafisha kikombe cha kofia kwa pamba, akaweka yai tupu, akalisikia likikaa sawa.

Kabla ya hapo Tuponile alikuwa amemchukua mumewe pembeni. Walinong'ona kwa Kikinga, na Edina, ambaye alikielewa vya kutosha, aliondoka ili asielewe. Lutengano alipokuja stoo alisema tu, "Amesema nisimwambie hapa. Tukifika nyumbani, akiwa amekaa, na dada yake awepo."

"Sawa."

"Mimi nitabaki naye peke yangu, mama," Lutengano alisema. "Huyo mtoto. Nitakuwa namkumbuka peke yangu."

Edina alimshika bega, na unga wa mbao ukabaki kiganjani mwake.

Tuponile alikaa, akaegemea, akaweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri kusukwa. "Inauma?"

"Hapana."

"Afadhali ingeuma. Niongee au ninyamaze?"

"Ongea ukitaka. Haidhuru."

Edina alibonyeza. Kofia ilianza kuvuma, na chini kabisa ya yai ikatokea nukta ya mwanga, rangi ya uji wa ulezi.

"Nilijizalisha mwenyewe," Tuponile alisema. "Unajua hilo? Hakukuwa na mtu mwingine anayejua. Lutengano nilimpa taa ashike, taa inacheza ukutani kama disko. Nikamwambia baba, shika taa au toka nje. Akasema natetemeka kwa baridi. Baridi! Jasho linamtiririka." Lutengano, mlangoni, alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Mtoto akatoka mzima, analia kama anadai. Ana nywele mpaka kwenye mabega. Mama mkwe akasema huyu ni wa kwetu. Ni wa kwao wapi, pua ilikuwa yangu."

Mwanga ulipanda. Edina aliangalia sindano, aliangalia yai, aliangalia popote pasipokuwa uso.

"Akinyonya alikuwa anashika sikio langu. La kushoto tu. Ukimgeuza upande wa pili analia mpaka umrudishe. Kwa hiyo ziwa moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, wenzangu wananicheka kliniki." Alivuta pumzi. "Kile kikohozi kilipoanza nilijua. Nilihesabu anavyohema nikajua, na gari hakuna, na kitabu kizima kichwani hakina ukurasa hata mmoja wa kunisaidia. Ni cha ukunga. Kilinifundisha kumtoa. Hakikunifundisha kumbakiza. Nikamfunga mgongoni tukaanza kutembea na Lutengano, na njiani alikuwa ameamka, anatazama mipaini, na mkono wake ameupitisha hivi akashika si—"

Kofia ilinyamaza.

Mkono wa kushoto wa Tuponile ulikuwa umeinuliwa karibu na shingo. Ulibaki hewani kidogo, haujui ulikuwa unakwenda wapi, kisha ukashuka.

"Samahani, mama," alisema. "Nilikuwa nasema nini?"

Edina alilitoa yai. Lilikuwa zito na lenye joto. "Ulikuwa unaniambia habari za barabara ya kwenu."

"Eh, barabara yetu ni ya kulaumiwa tu." Alisugua mikono. Uso wake ulikuwa umekunjuka, ulikuwa uso wa msichana aliyekuja miaka miwili nyuma na barua ya udahili na kuku wa zawadi. "Humu ndani kuna baridi! Baba Lutengano, mbona umesimama hapo kama askari? Nimefaulu au sijafaulu?"

"Umefaulu," mumewe alisema.

"Sasa mbona unalia?"

"Nimefurahi."

*

Osmund alipovaa hakuongea. Alikaa na mikono imeshika kingo za kiti, na mwanga ulipokuwa unashuka ndani ya yai machozi yalianza kumtoka bila uso kubadilika, kama maji yanayopata ufa. Yai lilipokuwa tupu alikaa bado.

"Unajisikiaje?" Edina aliuliza.

"Najua mkono unakwenda wapi," alisema. Alitazama vidole vyake vinene. "Ni kweli, ni dakika mbili." Kisha akasema, "Dada, nipishe, nahitaji hewa," akainuka, akagonga rafu kwa bega na kutoka.

Edina aliandika kwenye mashine kwamba kitabu kimepokelewa na kinasubiri kusafirishwa. Uongo wa tatu wa siku ile haukumshinda kama wa kwanza. Kisha alitoka nje.

Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Gari la Makete lilikuwa limesimama mbele ya duka la pembejeo, utingo akipakia mabomba juu. Tuponile na Lutengano walikuwa chini ya varanda na mkoba wao. Upande wa pili wa ua, juu ya ukingo wa mtaro, Osmund Haule alikuwa amekaa, ameinama, amefunika uso kwa pama, na mabega yake yalikuwa yanakwenda.

"Mama Maktaba," Tuponile alisema kwa sauti ya chini, "yule kaka ana nini?"

Edina angeweza kusema tumbo. Angeweza kusema jino. "Amefiwa," alisema.

"Jamani. Na nani?"

"Mtoto."

"Maskini wa Mungu." Tuponile alikuwa tayari anafunga kitenge vizuri kiunoni. Alimpa mumewe mkoba. "Shika."

"Tuponile, gari litatuacha," Lutengano alisema.

"Litusubiri. Mtu amefiwa, tutampitaje?"

"Tupo—"

Alikuwa ameshaondoka. Alivuka ua kwa hatua zake za haraka za kliniki, akachuchumaa mbele ya Osmund, akachukua mkono wake mmoja kwa mikono yake yote miwili. Edina alikwenda nyuma yake, hakujua kufanya nini, na Lutengano akaja nyuma ya Edina.

"Pole sana, kaka yangu," Tuponile alisema.

Osmund aliinua kichwa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mgeni anavyotazamwa, mwanamke asiyemjua yeye, ambaye yeye alimjua mpaka ndani ya mifupa.

"Asante, dada."

"Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike."

"Mkubwa?"

"Hapana. Alikuwa ndiyo anaanza kukaa." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ukimweka anakaa kidogo, kisha anaanguka ubavu. Analala hapohapo anacheka."

"Ndivyo walivyo," Tuponile alisema. "Ee Mungu. Pole. Na mama yake yukoje? Mama ndiye wa kuangaliwa sana, kaka. Nyie mnatoka mnakwenda kwa watu. Yeye anabaki na nguo."

Osmund alitazama juu ya bega lake, akamwona Lutengano na mkoba.

"Mama yake hajaambiwa," alisema.

"Hajaambiwa!" Tuponile aliukaza mkono wake. Hakuwa anamgombeza, alimsemesha kwa upole, kama wauguzi wanavyosema na ndugu wa mgonjwa. "Basi mwambieni leo. Msimfiche, hata kama mnamhurumia. Si vizuri mama akae anacheka na watu na hajui."

Alimpigapiga mkono, akanyanyuka, akarudi kwa mumewe kuchukua mkoba. Utingo alikuwa anaita. Tuponile aliuvuta mkoba, ukakataa kutoka. Vidole vya Lutengano vilikuwa vimeushika, na alilazimika kuvifungua kimoja kimoja, huku akimuuliza ana nini leo, kama ni hii baridi.